Kabati Lililovunja Shingo ya Gitaa

Kwaru, kwaru, kwaru. Giza lilikuwa bado halijaondoka, jogoo wa kwanza hajafungua kinywa, na sauti hiyo ndogo ilikuwa ikitoka jikoni. Ilikwaruza kidogo, ikanyamaza kana kwamba inasikiliza, kisha ikakwaruza tena. Mke wa Fundi Randa alijua kwamba panya akikwaruza namna hiyo, unga umepata mgeni. Akavua kandambili moja, akanyata hadi mlangoni, akawasha taa na kuinua mkono.

Aliyekuwa jikoni ni mumewe. Alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, shingo ya gitaa ameibana kati ya magoti, kipande cha msasa mkononi, na vumbi la mbao limemjaa kwenye nyusi.

"Kumbe panya wetu ana mvi," mkewe alisema, akiivaa tena kandambili yake.

"Sikutaka kukuamsha."

"Na gizani unaona nini?"

"Mkono wa fundi una macho."

Mkewe aliitazama ile shingo, akautazama na mkono wenye macho, ambao ulikuwa na vidonda viwili vipya. "Unahitaji mkono?" aliuliza.

"Ninayo miwili," Fundi Randa alijibu. "Inanitosha."

Mkewe hakubishana. Aliiacha taa ikiwaka, akainjika chai, na kabla ya kurudi chumbani akamwekea kikombe mahali ambapo vumbi halifiki, amekifunika kwa kisahani.

Hivyo ndivyo alivyokuwa Fundi Randa. Kwa miaka arobaini alikuwa ametengeneza vitanda, meza na milango, na katika miaka hiyo yote hakuna aliyewahi kumsikia akisema, "Hebu nishikie hapa." Ubao ukiwa mrefu, aliukalia. Ukiwa mzito, aliusukuma kwa mgongo. Methali ya kidole kimoja na chawa aliijua tangu utotoni, lakini aliamini kwamba ilisemwa kwa ajili ya watu wenye vidole dhaifu.

Sasa methali hiyo ilikuwa imemfuata hadi jikoni kwake, nayo ilianzia kwenye kabati.

Wiki tatu nyuma alimtengenezea rafiki yake kabati la nguo. Rafiki huyo alikuwa mpiga gitaa mstaafu ambaye mtaa mzima ulimwita Bwana Nyuzi. Tangu afiwe na mkewe, Bwana Nyuzi alikuwa akizipanga nguo zake juu ya viti, na kila Fundi Randa alipokwenda kucheza dama alikuta kiti chake kimevaa suruali. Basi akaamua kumpa rafiki yake kabati, zawadi, tena la mbao ngumu. Alilibeba peke yake mgongoni, mitaa miwili, mpaka watoto wakakimbia kuambiana kwamba kuna kabati linatembea.

Kabati refu namna ile halisimami kwa miguu yake tu. Lilitakiwa kufungwa ukutani kwa skrubu nne. Lakini mtu hawezi kulishikilia kabati lisiyumbe na papo hapo akazungusha bisibisi juu ya kichwa chake.

"Nikushikie, ndugu yangu?" Bwana Nyuzi aliuliza.

"Wewe kaa. Kazi yako ni muziki."

Akatia skrubu moja, mkono ukamchoka, akasema inatosha. Bwana Nyuzi akapanga humo nguo zake zote, akisifu jinsi kila mlango ulivyofunguka bila kelele. Kisha wakaketi kucheza dama kwa vizibo vya soda. Chai haijapoa, kabati likainama taratibu, kama mtu anayewasalimia wakwe. Likaendelea kuinama. Likaanguka kifudifudi, na ukingo wake ukaikuta shingo ya gitaa la Bwana Nyuzi, lililokuwa limeegemea kiti. Kaa! Shingo ikawa vipande viwili.

Bwana Nyuzi angetukana, Fundi Randa angejua la kujibu. Lakini hakutukana. Aliviokota vile vipande, akaviweka mapajani, akavitazama kama mtu anayesoma barua. Kisha akasema kwa upole, "Nenda nyumbani, ndugu yangu."

Fundi Randa alilichukua gitaa pamoja na kipande chake. "Sitaukanyaga mlango wako mpaka hili liimbe," alisema, akatoka mbio kwa aibu, akaliacha kabati pale pale lilipolala.

Kwa bahati, gitaa la umeme la aina ile si kitu kimoja. Lina kiwiliwili cha mbao nzito, na lina shingo inayoingia kwenye shimo la mraba na kushikiliwa na skrubu nne kutoka mgongoni. Ukizifungua, shingo hutoka. Ukipata nyingine, unaifunga. Fundi redio wa mtaani alikuwa na shingo nzima ya gitaa lililokwisha kufa, ameitundika ukutani na kuning'iniza waya kwenye masikio yake sita ya kukazia nyuzi.

"Ichukue, mzee," alisema, akizishusha waya zake. "Hizi zitatafuta msumari mwingine."

Shingo ilipatikana, basi, ila ilikuwa nene kidogo kwenye kitako na haikutaka kuingia shimoni. Fundi Randa alikuwa ameshaisugua siku nyingi kwa subira, akiiogopa patasi, maana mbao ukiipunguza huwezi kuirudisha. Lakini jana yake subira ilikatika. Mkewe alikuwa amepata simu kutoka kwa binti wa Bwana Nyuzi, muuguzi wa mji wa mbali.

"Anakuja Jumamosi kumchukua baba yake akaishi naye," mkewe alimweleza. "Anasema amekuwa mtu mwingine. Hapigi muziki, simu anajibu neno moja moja, na majirani wanamwambia shati ni lile lile, wiki ya tatu sasa. Anasema mtu akiacha kubadili nguo, ameshajikatia tamaa."

Usiku ule Fundi Randa hakulala. Alikuwa na marafiki wengi wa kumsalimia na mmoja tu wa kunyamaza naye. Leo ilikuwa Alhamisi.

Asubuhi hiyo shingo iliingia shimoni, imekaa vizuri kama mguu ndani ya kiatu cha zamani. Kilichobaki ni kutoboa matundu manne ya skrubu na kukaza. Fundi Randa alililaza gitaa juu ya meza uani, akaishikilia shingo kwa kidevu, akakibana kiwiliwili kwa goti, penseli menoni, keekee mkononi. Mtu aliyepita angedhani wanapigana mieleka na kwamba gitaa ndilo linaloshinda. Akakisia kwa jicho, akatoboa, akakaza skrubu zote nne kwa nguvu zake zote. Kisha akavuta nyuzi.

Shingo ilikuwa imepinda kwa unene wa kucha tu. Lakini unene wa kucha pale chini kwenye kitako unakuwa mkubwa ukifika juu. Uzi mwembamba ulitoka nje ya shingo ukabaki unaelea hewani, kama mlevi aliyeukosa ukingo wa barabara.

"Unahitaji mkono?" sauti ya mkewe ilitoka dirishani, penye cherehani.

"Ninayo miwili."

Cherehani ikaendelea kuimba. Fundi Randa akafungua skrubu, akachonga vijiti vinne, akavichovya kwenye gundi na kuyaziba yale matundu, akangoja yakauke. Siku ikaisha hivyo.

Ijumaa asubuhi alikuja na ujanja mpya. Kwa kuwa kidevu kilimsaliti, alivua mkanda wake wa suruali akaifunga nao shingo kwenye kiwiliwili, akaukaza mpaka tundu la mwisho. Alikuwa ameshika gitaa kwa mikono yote miwili, analisawazisha polepole, ndipo mwalimu mkuu wa shule ya mtaa, mama wa heshima mwenye miwani, alipoingia uani kufuata gauni lake. Na ndipo suruali ya Fundi Randa, ambayo ilikuwa haina tena wa kumtegemea, ilipoanza safari yake ya kwenda chini.

Fundi Randa alikuwa na uamuzi wa kufanya na muda mfupi wa kuufanya. Akiachia gitaa, shingo inahama. Asipoachia, suruali inahama. Alishikilia gitaa.

"Karibu, mwalimu," alisema kwa heshima zote. "Mama yumo ndani."

Mwalimu aliinua uso akatazama juu. "Naona leo kuna mawingu," alisema, akapita zake akiendelea kuyatazama hadi mlangoni. Angani hapakuwa na wingu hata moja. Mwalimu alikuwa amemsitiri tu, na Fundi Randa hakumsahau kwa hilo mpaka uzee wake wa mwisho.

Suruali ilirudishwa mahali pake, matundu yakatobolewa, skrubu zikakazwa. Lakini mkanda ni ngozi, na ngozi hunyooka. Jana ulitoka uzi mwembamba upande huu. Leo ulitoka uzi mnene upande ule. Fundi Randa aliketi chini. Akavitafuta vijiti vingine vinne, akaziba tena matundu, akangoja tena, na jua lilipoanza kulegea mchana ule akakumbuka kwamba kesho ni Jumamosi. Akaenda kuchukua kopo kubwa la gundi.

Mkewe alitoka nje, pini tatu zimebaki midomoni. Akazitoa moja moja akazichomeka kwenye kola. "Gundi hiyo ya nini?"

"Mbao kwa mbao ni gundi. Naipaka shimoni, naikalia mpaka asubuhi. Haitatikisika tena."

"Na ikikauka imepinda?"

Fundi Randa alikoroga gundi.

"Mimi nguo ya mtu siishoni kabla sijaipiga bandi," mkewe alisema. "Naishikiza kwanza kwa uzi mlegevu. Anaivaa, natazama mabega, natazama kiuno. Ikikataa, nafumua, na kitambaa hakina jeraha. Hiyo gundi yako utaifumua kwa nini?"

Tone zito lilianguka kutoka kwenye brashi likatua kwenye kidole gumba cha mguu wake. Fundi Randa alilitazama. Aliona gitaa lililopinda milele, na mkokoteni unatoka mtaani na viti vya rafiki yake, na ubao wa dama unakwenda mji ambao hata hajui njia yake. Akafunika kopo.

"Nahitaji mkono," alisema. Alilisema kwa sauti ndogo, kama mtoto anayekiri kwamba sahani imevunjika.

"Upi?"

"Wako."

"Ninayo miwili," mkewe alisema, akikunja mikono ya gauni. "Yote ni yako. Sogea."

Kazi iliyokuwa imemshinda siku mbili ilichukua muda wa kuivisha maharage. Mkewe alileta uzi mwekundu, akafunga nyuzi mbili zilizonyooka, kutoka kwenye masikio ya nje kabisa pale juu hadi kwenye chuma kinachoshikilia nyuzi pale chini, ili waone njia zitakapopita zile za kweli. Akainama, jicho moja amelifumba, kama anavyotazama pindo la sketi.

"Kwangu kidogo," alisema. Fundi Randa akasogeza. "Umezidi. Kwako. Kwako tena, nusu ya pumzi. Hapo. Usihame, hata kope."

Vibanio vya Fundi Randa vilikuwa ukutani miaka yote, lakini kuvikaza kulihitaji mkono wa tatu, au mtu mmoja mwenye mke. Mkewe aliweka chini ya vibanio vipande vya sponji vya kuvimbisha mabega ya koti, mbao isipate alama, akakaza. Kisha akachovya ncha ya msumari kwenye unga wa chaki yake ya kuchoria vitambaa, akaupitisha msumari kwenye kila tundu la mgongoni. Walipoitoa shingo, palikuwa na vidoti vinne vyeupe penye kitako chake, kila kimoja kinasema: toboa hapa, baba.

"Na keekee yako utajuaje imefika?" aliuliza.

"Nitajua kwa mkono."

"Mkono ule wenye macho?"

Fundi Randa alicheka kwa mara ya kwanza baada ya wiki tatu. Mkewe akaizungushia ncha ya keekee uzi mwekundu, kuonyesha mwisho wa kina. Ikizidi hapo, ingetokea upande wa pili, katikati ya njia ya vidole. Alitoboa hadi kwenye uzi akakoma. Skrubu wakazisugua kwa kipande cha sabuni ili ziteleze. Akazikaza kwa kupishana, hii kidogo, ile ya mkabala kidogo, na mkewe akiwa ameishika shingo kama anavyomshika mtoto anayenyolewa.

Wakafunga nyuzi. Zote sita zililala katikati ya shingo, kama ndugu sita katika kitanda kimoja waliokubaliana.

"Kwa nini hukuniambia tangu mwanzo?" Fundi Randa aliuliza.

"Nilikuambia. Ulisema unayo miwili."

Jumamosi asubuhi walikwenda pamoja. Fundi Randa alitaka kuliacha gitaa mlangoni na kukimbia, lakini mkewe alikuwa amemshika kiwiko. Bwana Nyuzi alifungua. Alikuwa amevaa shati la mistari, lile lile, kola imekwisha kwa kufuliwa kila usiku. Aliwatazama, akalitazama gitaa, akasogea pembeni wapite.

Bwana Nyuzi aliketi, akaliweka gitaa pajani, akachomeka waya kwenye spika yake ndogo. Akazungusha masikio moja moja. Akapandisha vidole kutoka chini hadi juu kabisa, uzi baada ya uzi, na hakuna uzi uliotoroka.

"Shingo hii ni nyembamba kuliko ile," alisema.

Moyo wa Fundi Randa ulishuka kama suruali ya jana.

"Vidole vyangu vimezeeka," Bwana Nyuzi aliendelea. "Ile ya zamani ilikuwa imeanza kunitesa. Sikupenda kuisema vibaya." Akapiga wimbo mmoja, wa polepole, mpaka mwisho, na nje dirisha la jirani likafunguliwa ili usikike vizuri zaidi.

Mke wa Fundi Randa alikuwa akisikiliza, lakini jicho la mshonaji halikuacha ile kola. Kutoka kwenye kola likaenda kwenye viti, vilivyokuwa vitupu. Kutoka kwenye viti likaenda chini, kwenye kabati. Lilikuwa limelala vile vile lilivyoanguka, milango chini, mgongo juu.

"Shemeji," alisema taratibu, "nguo zako ziko wapi?"

Bwana Nyuzi alikohoa. "Zimelaliwa."

"Wiki tatu?"

"Peke yangu siliwezi."

"Si ungeita mtu?"

"Ningemwita nani, shemeji? Wa kuitwa alikuwa ameapa hataukanyaga mlango wangu. Na wengine wangesema Bwana Nyuzi ameshindwa na kabati."

Fundi Randa alimtazama rafiki yake, akaona kama ametazama kioo, tena kioo kisicho na adabu. Alivua koti. Wazee wawili walishika kona mbili, mkewe akashika katikati. Wakahesabu tatu. Mifupa ililia kuliko spika, lakini kabati halikutikisika: siku ile lilipanda mgongoni likiwa tupu na limesimama, sasa lilikuwa limejaa nguo na limelala.

Hapo ndipo binti wa Bwana Nyuzi alipotokea mlangoni na sanduku kubwa tupu, akawakuta wazee watatu wameinama mbele ya kabati kama wanaliomba msamaha.

"Shikamooni," alisema. "Mnafanya nini?"

"Marahaba, mwanangu," Fundi Randa alijibu. Kisha akasema maneno ambayo hayakuwahi kutoka kinywani mwake kwa miaka arobaini. "Hebu tushikie hapa."

Binti aliweka sanduku chini, akashika kona ya tatu. Kabati likanyanyuka. Na walipolisimamisha, milango ikafunguka bila kelele, na mashati kumi na saba ya Bwana Nyuzi yakamwagika miguuni pake.

Binti aliyatazama mashati, akalitazama la mistari. "Baba, kumbe siku zote hizi ulikuwa huna jinsi ya kuyatoa?"

"Ningekuambia, ungesema nimeshindwa kuinua kabati."

"Na hukushindwa?"

"Nimeshindwa," Bwana Nyuzi alikubali, na ilionekana kukubali huko kumempunguzia mzigo kuliko lile kabati lenyewe. "Lakini hili halikunishinda." Akalichukua gitaa, akampigia bintiye wimbo aliokuwa akimpigia alipokuwa mdogo na hataki kula. Binti alisikiliza amesimama, akifuta macho kwa shati mojawapo. Ulipokwisha, alilisukuma sanduku tupu chini ya kitanda, akauliza pasi iko wapi.

Kabati lilifungwa ukutani kwa skrubu nne. Mmoja alishika kushoto, mwingine kulia, wa tatu akatazama kama limenyooka, na Fundi Randa akazungusha bisibisi bila haraka, mikono yake miwili ikiwa na kazi moja tu ya kufanya.

Kisha akaiona meza ndogo ya dama. Vizibo vilikuwa vimekaa vile vile kama siku ile. Ubao ulikuwa umefutwa vumbi kila siku, kwa kuvizunguka vizibo bila kuvigusa.

"Ni zamu yako," Bwana Nyuzi alisema. "Imekuwa zamu yako wiki tatu."

Fundi Randa aliwaza sana, akasogeza kizibo kimoja. Bwana Nyuzi akamla vitatu kwa mpigo.

Jioni walipoaga, Bwana Nyuzi aliwasindikiza hadi barabarani, amevaa shati la buluu lililopigwa pasi mpaka kwenye vifungo. Aliushika mkono wa Fundi Randa kwa muda mrefu, halafu akamgeukia mkewe.

"Njooni tena kesho," alisema. "Na wewe, shemeji, usimwache huyu aje peke yake, wala mimi msiniache peke yangu. Tumezeeka ndipo tukajua kwamba ile methali haikusemwa kwa ajili ya wenye vidole dhaifu tu: kidole kimoja hakivunji chawa."